Taa ya ABS si ya kuzimwa: gari za Luofu zipimwe kabla ya kubadilisha pyesi

Asubuhi mapema kule Luofu, kusini mwa eneo la Lubero, pickup imejaa magunia ya maharagwe na juu ya magunia wamekaa watu. Dereva anageuza ufunguo. Kwenye tablo, mbele ya macho yake, taa ya manjano yenye herufi tatu, ABS, inawaka na haizimi. Mama aliyekaa mbele anauliza: "Shofere, hii taa ni ya nini?" Jibu ni lile ambalo wasafiri wa Kivu ya Kaskazini wamelizoea: "Mama, usiogope, ni mambo ya umeme tu. Freni ziko."

Jibu hilo ni kweli nusu. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, freni za kawaida zinaendelea kufanya kazi, na dereva akikanyaga, gari inasimama. Nusu ya pili haisemwi: gari imepoteza msaada wake siku ile hasa utakapohitajika, katika mteremko wenye utelezi, mtoto akikatisha barabara ghafla. Na katika gari nyingi, kisanduku kilichonyamaza ndicho pia kilichokuwa kinagawa nguvu ya freni kati ya mapine ya mbele na ya nyuma.

Kinachosikitisha zaidi ni dawa inayotolewa kwenye garaji. Mahali pa kutafuta ugonjwa, wengi wanatafuta namna ya kuuficha. Kuna anayetoa ampuli ya taa. Kuna anayebandika kipande cha plastiki nyeusi juu yake. Kuna mjanja zaidi anayeunga waya wa taa ya ABS pamoja na taa ya mafuta ya injini, ili ziwake pamoja na kuzima pamoja, na mnunuzi wa gari asitambue kitu. Wengine wanakwenda upande wa pili kabisa: taa imewaka, basi wanamwambia mwenye gari anunue bloki nzima ya ABS ya okazyo, bila kupima waya hata mmoja. Anatoa dola zake, bloki inafungwa, taa inabaki inawaka.

Njia zote mbili ni kosa moja: kufanya kazi bila kupima. Ugonjwa wa kalkilateri ya ABS, yaani kisanduku cha umeme kinachoongoza freni hizo, unatafutwa kwa utaratibu unaojulikana, kwa vyombo ambavyo garaji ya Kirumba au ya Butembo inaweza kuwa navyo. Mara nyingi kinaonekana kuwa kizima, na kosa liko kwenye waya, batri au matope. Kikiwa kimeharibika kweli, mara nyingi kinatengenezeka. Anayemzimia abiria taa hana udhuru wa kusema hakukuwa na njia nyingine.

Kisanduku hiki kinafanya nini

Freni za ABS za kisasa zilianza kuuzwa mwaka 1978, kampuni ya Bosch ilipozitoa kwenye Mercedes-Benz ya daraja la S. Wakati huo zilikuwa kitu cha matajiri. Leo zimo ndani ya gari nyingi za okazyo zinazoshuka Mombasa, zinapita Kampala, zinavuka mpaka Kasindi na kufika Beni na Butembo. Dereva anaweza kuwa nazo miaka mingi bila kujua zinafanya kazi gani.

Kazi yake inaelezeka kirahisi. Dereva akikanyaga freni kwa nguvu juu ya utelezi, gurudumu linafunga na pine inaanza kuteleza. Pine inayoteleza haitii usukani: hata ukiuzungusha mpaka mwisho, gari inaendelea moja kwa moja mpaka shimoni. Ili hilo lisitokee, karibu na kila gurudumu kuna kapteri, kifaa kidogo kinachosoma mwendo wa gurudumu kupitia pete yenye meno. Kalkilateri inalinganisha mapine manne. Ikiona moja linataka kufunga wakati mengine bado yanazunguka, inafungua valvu ndani ya bloki ya mafuta, inapunguza mkazo kwenye gurudumu hilo, kisha inaurudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Ndiyo sababu dereva anasikia pedali ikitetemeka mguuni. Mtetemo huo si ugonjwa. Ni dalili kwamba kazi inafanyika, na mguu usitolewe.

Kalkilateri inajipima yenyewe kila mara ufunguo unapogeuzwa. Ikikuta kasoro, inajitoa kazini, inawasha taa ya manjano, na inaacha freni za kawaida peke yake. Iliundwa hivyo ili kosa lake lisimnyime dereva freni zote. Lakini ikiwa taa nyekundu ya freni imewaka pamoja na ile ya manjano, habari inabadilika. Inawezekana mafuta ya freni yamepungua kwa sababu yanavuja. Inawezekana pia mgao wa nguvu kati ya mbele na nyuma umepotea, na hapo mapine ya nyuma yanaweza kufunga kabla ya yale ya mbele na gari ikageuka mkia mbele. Taa mbili zikiwaka pamoja, gari haipakii mtu. Inasimama mpaka iangaliwe.

"Barabara yetu ni ya udongo"

Kuna mafundi na madereva wenye uzoefu wanaojibu kwamba ABS si kitu cha Lubero. Wanasema juu ya changarawe na udongo uliolegea, gari yenye ABS inachukua nafasi ndefu zaidi kusimama kuliko gari iliyofunga mapine, kwa sababu pine iliyofunga inasukuma udongo mbele yake na udongo huo unasaidia kuizuia. Wanachosema kinajulikana kwa wahandisi pia, na hakipaswi kudharauliwa. Anayeendesha juu ya changarawe anapaswa kuacha nafasi kubwa zaidi mbele yake, awe na ABS au asiwe nayo.

Lakini hoja hiyo haimalizi mjadala. Katika barabara za milimani, kati ya Alimbongo na Kirumba, au katika mteremko wa Kabasha unaotoka Kanyabayonga kwenda Rwindi, gari ikikosa nafasi ya kusimama, kinachobaki ni kuikwepesha. Mapine yaliyofunga hayakwepi kitu. Gari inayotii usukani inaweza kupita pembeni ya lori lililokwama, au ya motari aliyeanguka na mzigo wake.

Tena, barabara hazitabaki zilivyo. Tarehe 16 Juni 2021 marais wa Congo na Uganda walizindua mradi wa kutia lami barabara ya kilomita 80 kati ya Kasindi na Beni, na ya kilomita 54 kati ya Beni na Butembo. Kila kipande cha lami kinaongeza mwendo wa gari, na mvua ya alasiri juu ya lami ni utelezi wa namna nyingine. Pickup iliyopakia Luofu wiki hii inaweza kubeba mzigo Beni wiki ijayo, ikiwa na freni zilezile na taa ileile iliyofichwa.

Kuna jambo la tatu. ABS haiponyi freni zilizochoka. Plaketi zikiisha, mafuta yakizeeka, au dereva akishuka mlima mrefu kwa gia ya juu huku akikanyaga freni mpaka zichemke, hakuna kalkilateri itakayomwokoa. Kwa hiyo fundi anayetafuta kosa la ABS anaanza kwa kuangalia freni zenyewe. Mafuta ya freni yananyonya maji kutoka hewani na yanapaswa kubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili. Huo ni ukaguzi ambao gari nyingi za Lubero hazijaupata siku nyingi.

Kupima kabla ya kuhukumu

Fundi mzuri anafanana na muuguzi mzuri: hatoi sindano kabla ya kuchukua damu. Kwenye ABS, vipimo vina mpangilio, kuanzia kilicho rahisi kwenda kilicho kigumu.

Cha kwanza ni batri. Kalkilateri inayopata umeme mdogo inajizima. Batri nzima, gari ikiwa imezimwa, inaonyesha karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, umeme unapaswa kuwa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Gari inayosukumwa kila asubuhi ili iwake isihukumiwe kuwa na ABS mbovu kabla ya batri na alternata yake kupimwa.

Cha pili ni fizibu na waya wa masi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari. ABS huwa na fizibu zaidi ya moja: ndogo kwa ajili ya kalkilateri, na kubwa kwa ajili ya pompu. Waya wa masi ukila kutu, umeme unapita kwa shida, na kisanduku kizima kinaonekana kama kimekufa. Kuupima ni kazi ya dakika chache: ncha moja ya multimetre kwenye masi ya kisanduku, nyingine kwenye ncha hasi ya batri, mfumo ukiwa unafanya kazi. Ikionekana zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, waya huo usafishwe au ubadilishwe kabla ya jambo lingine.

Cha tatu ni kapteri na nyuzi zake. Hapa ndipo barabara za Lubero zinapojionyesha. Matope yanakauka kati ya kapteri na pete yake. Mawe yanakata waya nyuma ya gurudumu. Rulma iliyolegea inalifanya gurudumu lichezecheze, na kapteri inasoma uongo. Pete yenye meno nayo inakula kutu au inapasuka, na kila mzunguko unakosa jino moja. Mara nyingi kwa kutoa gurudumu, kusafisha na kuangalia kwa macho, kosa linapatikana bila kununua kitu.

Fundi ajue pia kwamba kapteri ziko za aina mbili. Zile za zamani zinatengeneza umeme zenyewe gurudumu likizunguka. Nyingi kati yake zinapimwa kwa omu, zikaonyesha kati ya mia nane na elfu mbili na mia tano hivi, na gurudumu likizungushwa kwa mkono multimetre inaonyesha umeme mdogo unaopanda na kushuka. Zile za kisasa zinahitaji kulishwa umeme na kalkilateri, kwa hiyo kipimo cha omu hakisemi kitu juu yake, na kinaweza hata kuziharibu. Hizo zinasomwa kwa skana, gari ikitembea polepole: mapine matatu yakionyesha kilomita 20 kwa saa na moja likionyesha sifuri, mgonjwa amejulikana.

Cha nne ni kusoma namba za makosa. Kifaa kidogo cha bei nafuu kinachouzwa sokoni na kuunganishwa na simu, mara nyingi kinasoma injini tu, si ABS. Anayekitumia na kusema "hakuna kosa" hajapima ABS. Garaji inahitaji skana inayoingia katika mfumo wa freni wa aina ya gari iliyopo. Lakini hata pasipo skana kuna njia. Katika Toyota nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1990 na za miaka ya 2000, ukiunganisha kwa waya mfupi tundu namba 4 na namba 13 za priza ya diyagnostiki, zinazoitwa CG na TC, kisha ukageuza ufunguo, taa ya ABS inaanza kupepesa na kuhesabu kosa. Kwa kawaida 31 ni kapteri ya mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto, na 41 ni umeme mdogo wa batri. Kitabu cha gari husika kihakikishe kabla waya haujachomekwa, maana tundu lisilo lake linaweza kuunguza kitu. Taa ileile inayofunikwa kwa plastiki nyeusi ingeweza kumwambia fundi bure mahali penye kosa.

Kisanduku chenyewe kikiwa kigonjwa

Baada ya hatua hizo, ndipo kalkilateri yenyewe inapoanza kushukiwa. Dalili zake zinajulikana. Skana haiwezi kuongea nayo kabisa, ingawa umeme na masi ni vizima. Kapteri nne zinahukumiwa mara moja, jambo ambalo ni nadra kutokea kwa bahati. Pompu inaandikwa kuwa mbovu, lakini ikipewa umeme moja kwa moja inazunguka. Au kosa linakuja injini ikipata moto na kupotea ikipoa.

Dalili hiyo ya mwisho inaonyesha chanzo. Katika gari nyingi, kalkilateri imefungwa kwenye bloki ya mafuta ndani ya chumba cha injini. Kila siku inachemka na kupoa, na katika barabara zetu inatikiswa kutoka asubuhi mpaka jioni. Ndani yake, viungo vya lehemu vinapata nyufa ndogo ambazo jicho tupu halizioni. Gari kadhaa za Ulaya zilizofungwa kalkilateri za Bosch za aina ya 5.3 na 5.7 zinajulikana kwa ugonjwa wa namna hii duniani kote, na kuna karakana Ulaya na Marekani ambazo kazi yake ni kutengeneza visanduku hivyo.

Kabla ya kukifungua, fundi apime pia nyuzi mbili ambazo kisanduku kinatumia kuongea na visanduku vingine vya gari. Kwenye gari zenye mtandao huo, batri ikiwa imetolewa, kipimo kati ya tundu namba 6 na namba 14 za priza kinapaswa kuwa karibu omu 60. Kikionyesha 120, uzi mmoja umekatika mahali. Kikionyesha sifuri, nyuzi zimegusana. Kisanduku kikibadilishwa bila kuona hilo, kipya nacho kitanyamaza kama cha zamani.

Ukarabati wenyewe unaanza kwa kutoa batri. Katika aina nyingi, kalkilateri inatolewa kwenye bloki kwa kufungua vis chache bila kugusa mipira ya mafuta. Katika nyingine haiwezekani, na hapo kazi ni kubwa zaidi. Kifuniko kinakatwa taratibu, kwa kina kidogo, ili blade isifike kwenye ubao wa umeme. Chini ya kioo cha kukuza, ufa unaonekana kama duara nyembamba nyeusi kuzunguka mguu wa waya. Lehemu ya zamani inatolewa, mpya inawekwa. Lakini baadhi ya visanduku vina nyuzi za alumini nyembamba kama unywele, na hizo hazishiki lehemu ya kawaida. Fundi asiye na chombo cha kazi hiyo aseme wazi na akitume kisanduku mahali panapowezekana. Kusema "hii siiwezi" ni sehemu ya ufundi.

Mwisho kifuniko kinafungwa kwa silikoni isiyo na asidi, maana ile inayonukia siki inakula shaba. Maji yakiingia ndani, kazi yote imepotea. Kisha namba za makosa zinafutwa na gari inajaribiwa mahali pasipo watu, kwa mwendo mdogo kwanza, bila abiria. Ikiwa mipira ya mafuta ilifunguliwa, hewa lazima itolewe, na katika gari nyingine kazi hiyo inadai skana ili valvu za ndani zifunguke. Pedali laini kama sponji ni hatari kuliko taa iliyowaka.

Kuhusu bloki za okazyo, mnunuzi ajue mambo mawili. Namba iliyoandikwa kwenye kisanduku inapaswa kuwa ileile, maana gari mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kalkilateri tofauti, na nyingine zinadai kuandikishwa upya kwa skana ndipo zikubali gari mpya. Pili, kisanduku kilichotolewa kwenye gari ya umri uleule kimechemka na kupoa miaka ileile. Kinaweza kuwa na ufa uleule.

Kwa nini Luofu, kwa nini sasa

Mtu wa Kinshasa au wa Kampala anaweza kupuuza haya yote na kununua pyesi mpya. Luofu haiwezi. Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa sita 2024, na kabla ya mwaka huo kuisha mapigano yalikuwa yamepanda mpaka upande wa Alimbongo. Kwa wakaaji wa kusini mwa Lubero, Butembo, mji ambako pyesi zinatafutwa, ukawa upande wa pili wa vita. Pyesi iliyochaguliwa vibaya hairudishwi dukani kesho yake. Mwenye gari aliyepoteza pesa kwa bloki isiyofaa hana za kununua plaketi, na gari inabeba watu ikiwa hivyohivyo.

Kwa hiyo kupima kabla ya kubadilisha ni njia ya mtu maskini kuliko ya tajiri. Multimetre moja na kioo cha kukuza ni nafuu kuliko kalkilateri moja ya kubahatisha. Kinachokosekana zaidi ni masomo. Vijana wengi wa garaji zetu wamejifunza kwa kumshikia bwana fundi vifunguo, na injini za zamani wanazijua vizuri sana. Umeme wa gari hawakufundishwa, kwa sababu waliowafundisha nao hawakuukuta.

Hapo serikali ina deni. INPP, taasisi iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya kufundisha wafanyakazi wa nchi, ingepaswa kuwa na masomo mafupi ya umeme wa gari kwa mafundi ambao tayari wako kazini, siku za juma zisizo za soko, kwa lugha wanayoisikia. Shule za ufundi za Butembo na Beni zinahitaji gari moja ya kisasa ya kufundishia, hata isiyotembea, kuliko kuchora tena na tena injini ya miaka ya 1970 ubaoni.

Wakaguzi wa gari nao hawahitaji kungoja sheria mpya. Kanuni ya barabara ya Congo ni ya tarehe 30 Agosti 1978, mwaka uleule ambao ABS ya kisasa ilianza kuuzwa, kwa hiyo haishangazi kwamba ukaguzi mwingi unaishia kwenye karatasi na taa za nje. Polisi wa barabara na tume ya kuzuia ajali, CNPR, wanaweza kuongeza jambo moja lisilogharimu kitu: kumwomba dereva ageuze ufunguo na kuangalia tablo. Na shirika la madereva, ACCO, linaweza kuwaambia wanachama wake kwamba kuficha taa ni kumdanganya abiria aliyelipa.

Ila isiwe kisingizio kipya cha kutoza madereva pesa njiani. Taa inayowaka ipewe siku za kutengenezwa, na karatasi ya fundi ikubaliwe. Dereva akiadhibiwa kwa taa iliyowaka na kuachwa kwa taa iliyofichwa, madereva wote watajifunza kuficha. Adhabu imfuate aliyeikata.

Abiria naye ana nguvu kuliko anavyofikiri. Kipimo chake hakihitaji shule. Kabla ya injini kuwaka, ufunguo ukigeuzwa, taa ya ABS inapaswa kuwaka yenyewe sekunde chache, kisha kuzima. Ikiwaka na kuzima, mfumo umejipima na kujikuta mzima. Ikibaki inawaka, dereva aende polepole, aache nafasi, na aipeleke gari kwa fundi anayepima. Gari ambayo ina ABS na taa haiwaki kabisa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa maana kuna mtu ameigusa.

Mama wa Luofu aliyeuliza "hii taa ni ya nini?" hakuuliza kitu cha kijinga. Aliuliza swali ambalo mwenye gari, fundi na mkaguzi walipaswa kuwa wameliuliza kabla yake. Anastahili jibu lililopimwa.